Chupa ya Saa Kumi

Watu huicheka kazi ya mitaro mpaka siku maji machafu yanapofurika mlangoni mwao. Hapo ndipo humkumbuka Nicanor, humwita bwana mkubwa, humtolea kiti nje kwa sababu ndani hawamtaki. Mimi ndiye huyo Nicanor, na kwa hilo sijawahi kumkasirikia mtu. Hasira yangu ni ya jambo jingine, na mtu ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Nilitoka Butere mwaka wa hamsini na moja nikaandikwa kazi katika ofisi ya afya ya Thika. Mwanzoni nilikuwa mzibuaji. Mwaka wa hamsini na tano zikaja kanuni mpya: kila kiwanda kinachomwaga maji machafu, yawe yanaingia kwenye mtaro wa mji au yanakwenda moja kwa moja mtoni, lazima maji yake yapimwe, na kikionekana kinachafua, kichimbe mashimo ya kuyanyonya au kifungwe. Mkubwa wetu, Mzungu mrefu tuliyemwita Bwana Afya, mwenye masikio mekundu asubuhi na jioni, alichora ramani akaweka namba kila mahali pa kupimwa. Kituo namba moja kilikuwa nyuma ya kiwanda cha magome ya miwati, ile miti ya dawa ya kulainishia ngozi, hapo hapo Thika. Namba tisa, cha mwisho, kilikuwa Ruiru, mtoni, chini ya kiwanda cha kahawa cha shamba moja la mlowezi. Kazi ya kujaza chupa nilipewa mimi, kwa kuwa nilijua kuandika na pua yangu ilikwishazoea.

Kazi yenyewe haina ujanja. Unasuuza chupa mara tatu kwa maji yale yale unayokwenda kuyapima. Unasimama ukiuelekea mkondo ili usichote tope la miguu yako, unajaza mpaka shingoni, unaziba, unaandika kituo, tarehe na saa. Tena awepo mtu mmoja anayeyatumia maji hayo, ashuhudie na kutia kidole gumba kwenye karatasi, mwenye kiwanda asije akadai chupa ilijazwa chooni. Jumatano jioni chupa zinapanda treni kwenda Nairobi kupimwa, chupa moja kwa kila kituo kila juma. Ukipeleka ya pili wanaimwaga.

"Ruiru mbali," Bwana Afya aliniambia kwa Kiswahili chake. "Wewe kwenda saa gani, mimi hapana jali. Andika saa tu."

Nikachagua saa kumi jioni. Nikamwambia ni kwa ajili ya treni. Ulikuwa uongo, maana treni ilikuwa na nafasi kwa chupa ya saa yoyote. Nilichagua saa kumi kwa sababu ndiyo saa ambayo Warigia alitoka kuteka maji.

Warigia alikuwa akiuza uji Thika, nje ya nyumba za wafanyakazi. Nilinunua uji wake mwaka mzima, na mimi uji siupendi. Aliniita Mjaluo, nikamwambia mimi ni Mluhya, akasema huko kwetu sote ni watu wa ziwa na tusimsumbue. Tulikwisha kukubaliana. Nilikuwa natafuta mzee wa kunipeleka kwa baba yake, mtu ambaye angeweza kusema "huyu wa magharibi ni kijana mzuri" bila kucheka, ndipo asubuhi moja, kwa sababu ya vita vya msituni, malori ya serikali yakaja Thika yakawakusanya Wakikuyu, naye akapakiwa pamoja na sufuria yake. Mimi nilikuwa ndani ya mtaro, shingo chini. Nilipotoka, mahali pake palikuwa na majivu ya moto yasiyopoa bado.

Nilikuja kusikia yuko Ruiru, katika kimoja cha vile vijiji vya hali ya hatari vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa. Haingii mtu wala hatoki mtu bila karatasi. Nilijaribu kwenda siku moja ya mapumziko, wakanikamata darajani wakanikalisha juani mpaka jioni, wakanirudisha nilikotoka. Kwa hiyo Bwana Afya aliponipa karatasi yenye mhuri ya kufika kituo namba tisa kila Jumatano, niliiweka ndani ya Biblia ili isikunjike.

Wanawake wa kijiji kile walitolewa kwa makundi mawili. Nyumba za juu waliteka maji saa mbili asubuhi, nyumba za chini saa kumi jioni, kila kundi saa moja tu, debe moja kwa kila mtu. Warigia alikuwa wa nyumba za chini. Askari wao alikuwa kijana wa kwao, Wainaina, mwenye koti la jeshi lililomfika magotini. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kusikia sauti yake.

"Nahitaji shahidi," nilimwambia Jumatano ya kwanza. "Yule pale."

"Wamama wote hawa, macho yako imeona huyo tu?" akauliza. Akanionea huruma, au alikuwa na uvivu wa kukataa. "Haya. Rakini mbio mbio."

Warigia alishuka mpaka ukingoni akasimama karibu yangu, debe kichwani. Alikuwa amekonda. Nilisuuza chupa mara tatu kama inavyotakiwa. Juma la pili niliisuuza mara saba. Juma la tatu sijui mara ngapi, ila Wainaina aliuliza kama kuna mtu aliyewahi kufa kwa chupa chafu.

Katika kusuuza huko ndimo tulimozungumza, bila kutazamana. Aliuliza nani anauza uji siku hizi. Nilimwambia hakuna, na hata angekuwepo nisingenunua. Alinieleza jinsi mama yake alivyo, na jinsi paa linavyovuja. Ikifika zamu ya kidole, nilimshika mkono nikamchovya wino, nikamkandamiza gumba lake kwenye karatasi. Kanuni hazikusema ni nani amshike shahidi, wala hazikusema amshike kwa muda gani.

Siku nyingine zote za juma zilikuwa za kungoja. Nilimtamani Warigia mpaka nikawa mgomvi. Nilizibua mitaro kwa nguvu kama vile yeye amefungiwa humo. Makau, Mkamba niliyekaa naye chumba kimoja, alinikuta Jumanne moja nikipiga pasi.

"Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki," akasema. "Tangu lini mtu anapiga pasi shati ya kwenda kuchota uchafu?"

Uchafu wenyewe haukuwepo. Majibu yalirudi kutoka Nairobi kila Jumamosi, na kituo namba tisa kilikuwa safi. Safi majuma matano mfululizo. Bwana Afya alipendezwa. Mimi pia nilipendezwa, maana alisema ataendelea kukipima mpaka kahawa iishe kuchumwa.

Jumatano ya tano Warigia hakutaja uji. Aliniacha nisuuze chupa kwanza.

"Nicanor, hiyo makaratasi yako inasema nini juu ya hii maji?"

"Inasema ni safi."

"Ni safi saa hii." Aliweka debe chini. "Kahawa wanaosha alfajiri. Hiyo maji yake inatufikia hapa saa mbili, inanuka kama pombe imeharibika. Laini ya asubuhi ndio wanateka hiyo. Dada yangu Gathoni iko hiyo laini. Mtoto yake anahara wiki ya tatu sasa, amebaki macho tu. Mimi nampatia nusu ya maji yangu, rakini debe ni moja na mama pia anakunywa. Ikifika saa kumi ile mbaya imeshapita. Wewe unakuja kupima mto ikiwa imenawa uso."

Nilibaki na chupa mkononi. Majuma matano nilikuwa nimeandika kwa mkono wangu, saa kumi, saa kumi, saa kumi, na mwenye shamba alikuwa anatumia namba zangu kama cheti.

"Nikija saa mbili sitakuona," nilimwambia.

"Najua."

"Na chupa ni moja tu."

"Najua, Nicanor. Ndio maana nimekaa wiki mbili bila kukuambia." Alisema hivyo akiwa ananyoosha gumba lake kabla sijaliomba. "Na kuna hii nyingine. Baba anasema kuna mtu wa Kalimoni ameuliza juu yangu. Nimesema bado. Sasa enda, Wainaina anaangalia."

Jumatano iliyofuata nilitoka Thika kwa baiskeli kulipopambazuka, na saa mbili nilikuwa mtoni. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Maji yalikuja ya kahawia, yenye povu na maganda, na harufu iliyonishinda hata mimi. Wanawake walikuwa wakisukuma povu kwa kata kabla ya kuteka. Gathoni nilimtambua kwa paji la uso la dada yake na kwa mtoto aliyelala mgongoni bila hata kugeuza shingo. Sikuweza kumsemesha. Asubuhi DO, afisa wa serikali wa tarafa, aliweza kupita darajani kwa gari wakati wowote, kwa hiyo Wainaina alikuwa mtu mwingine kabisa: alisimama wima, hakuruhusu neno, na shahidi alinichagulia yeye mwenyewe, bibi kizee asiyejua Kiswahili hata cha kuulizia njia.

Majibu yaliporudi, masikio ya Bwana Afya yaliiva. Alimwandikia mwenye shamba: siku thelathini, mashimo yachimbwe, tone moja lisifike mtoni, la sivyo kiwanda kifungwe msimu ukiwa katikati. Mwenye shamba akachimba. Kila Jumatano nilikwenda saa mbili, na kila Jumatano maji yalikuwa afadhali kidogo, na kila Jumatano nilirudi Thika bila kumwona Warigia. Nilijua zikipita saa nane baada yangu angekuja kusimama pale pale niliposimama. Kuna siku niliacha alama za viatu vyangu topeni kwa makusudi, nikiwa mtu mzima wa miaka ishirini na saba.

Juma la sita chupa ilirudi safi. La saba pia. Mtoto wa Gathoni sasa alikuwa akirusha miguu mgongoni na kulia kwa hasira, na sijapata kusikia kilio kizuri kama kile. Lakini kwa kiwanda kilichokwisha kuchimba mashimo kanuni ilikuwa hivi: chupa tatu safi zikifuatana, kituo kinafutwa kwenye ramani. Kikifutwa, karatasi yangu ya Ruiru inakufa.

Nilikuwa na neno moja la kumwambia Warigia kabla ya hapo: anisubiri. Asimkubali mtu wa Kalimoni, asubiri mpaka hali ya hatari iishe, nitakuja na mzee na nitakuja na mbuzi. Neno kama hilo humpi bibi kizee asiyejua Kiswahili akufikishie. Nikamwomba Bwana Afya chupa ya mwisho niichukue saa kumi.

"Saa yoyote," akasema. "Shimo iko. Maji safi saa yote."

Nilifika mtoni saa kumi kasoro robo na shati lenye mistari ya pasi. Wanawake wakashuka. Niliwahesabu mpaka wa mwisho, halafu nikarudia.

"Unatafuta Warigia," Wainaina akasema. "Hayuko laini hii tena. Amehamia ya asubuhi."

"Tangu lini?"

"Leo ndio siku yake ya kwanza. Hedimani wa kijiji alikuwa amemkatalia, mpaka akachimba handaki wiki sita, zamu zake na za wengine, ndio akakubaliwa. Mimi sikujua ni ya nini. Leo saa mbili nikajua." Akatazama pembeni. "Aliangalia barabara mpaka debe ikamwagikia miguu. Nikamwambia pengine baiskeli imepata pancha."

Wiki sita alichimba ili aje saa yangu, na mimi wiki hizo hizo nilikuwa nangoja kurudi saa yake. Nilishuka nikajaza chupa. Maji yalikuwa meupe, ungeweza kuokota sindano chini. Mama mmoja akatia kidole. Nikaziba, nikaandika saa kumi, nikapanda na baiskeli mpaka nyuma ya nguzo za daraja, mahali ambapo haonekani mtu, nikafungua mkoba.

Ndani mlikuwa na chupa ya kituo namba moja, ile ya kiwanda cha magome, nyekundu kama chai ya rangi. Nitasema nilivyowaza, maana sina wa kumficha. Niliwaza kwamba nikitia kifuniko kimoja tu cha maji yale, chupa ya namba tisa itakuwa chafu. Ikiwa chafu, kituo hakifutwi. Kisipofutwa, Jumatano ijayo saa mbili niko hapa, naye yuko hapa. Hata Wainaina asiporuhusu neno, nitampita Warigia karibu na kumwambia "nisubiri", inatosha. Atakayeumia ni mwenye shamba, na mwenye shamba alikuwa na mwili wa kutosha kuumia. Baada ya hapo ningechukua chupa safi hata kumi.

Nilitia kifuniko kimoja. Halafu nikaogopa hakitoshi, nikatia cha pili.

Jumamosi majibu yalikuja. Bwana Afya aliyasoma amesimama, akanyakua simu akaongea Kiingereza cha haraka na DO. Nilisikia "Ruiru" mara tatu. Sikuuliza. Nilikuwa nimeambiwa kituo namba tisa kinaendelea, na hilo ndilo nililotaka kusikia. Usiku wa Jumanne Makau alilalamika kwamba nanuka mkaa wa pasi chumba kizima.

Jumatano saa mbili kasoro dakika kumi nilikuwa ukingoni. Saa mbili ikafika. Hakushuka mtu. Nikadhani wamecheleweshwa kuhesabiwa. Saa mbili na robo Wainaina akaja peke yake, bunduki begani, akakaa juu ya jiwe.

"Wewe ngoja tu," akasema. "Hawaji. Mto imefungwa na serikali. Tangu Jumatatu wanapelekwa na askari mwingine kile kijito cha ng'ambo ya shamba, maili tatu kwenda na tatu kurudi, na debe kichwani."

Nilimwuliza imefungwa kwa nini, kama vile sijui.

Mambo mengine yaliyofuata nitayasema upesi. Nilijaza chupa asubuhi ile, na nyingine juma lililofuata, na nyingine, zote saa mbili, zote safi, kando ya mto usio na mtu. Kituo namba tisa kilifutwa kabla ya Krismasi. Wanawake wakarudishwa mtoni Januari, lakini mimi sikuwa na karatasi. Kabla ya mvua za mwaka huo Warigia aliolewa Kalimoni. Hayo yote ningeweza kuyameza, kwa kuwa watu wengi walipoteza mengi kuliko mimi miaka ile. Nisiloweza kulimeza ni alilonijibu Wainaina pale juu ya jiwe.

"Imefungwa kwa sababu ya chupa yako," alisema. "Mimi nilipoambiwa nilishangaa. Jumatatu walikuwa wameshateka ndio amri ikafika, wamwage. Wakakataa kabisa. Gathoni akasema angalieni mtoto, si amepona? Warigia ndiye alipiga kelele kushinda wote. Alikunywa mbele yangu, kata nzima, akasema ni tamu, kwamba DO anataka kuwatesa tu. Nilikuwa karibu kutumia fimbo. Nikamwambia, mama, hii si maneno ya DO, ni chupa ya Nicanor. Akaniuliza, ni yeye mwenyewe alijaza? Nikamwambia mimi nilimwona kwa macho. Basi akasema, kama ni Nicanor amesema ni mbaya, ni mbaya. Akamwaga debe yake, akawaambia wengine wamwage. Wa kwanza kupanga laini ya kwenda kijito alikuwa yeye."